Kushuka Chomboni na Kufika Mjini Bila Wakala: Mwongozo Kamili wa Bandari na Miale ya Ziwa Victoria, Uganda

Kila siku watu hushuka kwenye gati na miale (yaani fukwe za kushukia boti na samaki) ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, na karibu wote wanataka jambo moja: kufika mjini mapema, salama, na kwa nauli ileile anayolipa mwenyeji. Wamo wakazi wa visiwa vya Ssese, wafanyabiashara wa dagaa, wanafunzi, mahujaji wa Namugongo, mahali pa Mashahidi wa Uganda, na ndugu zetu wa Mwanza, Bukoba na Kisumu wanaokuja kuuona upande huu wa ziwa. Ninawaandikia hao, na zaidi yule anayefika mara ya kwanza bila mtu wa kumpokea.

Niseme mapema ninachoamini: kwa safari hii huhitaji wakala. Unahitaji kujua umeshuka wapi hasa, steji ya taksi iko umbali gani, na ni saa ngapi. Hilo la saa ndilo zito kuliko yote. Kampala ni mji ambao kilomita 10 zinaweza kukuchukua nusu saa au saa mbili, na dereva hodari hawezi kukusaidia sana ukishaingia barabarani wakati mbaya. Kwa hiyo mipango yako yote ianze na saa ya chombo kufika, na mengine yafuate.

Jambo moja la kuwekana sawa kabla hatujaenda mbali. Taksi hapa Uganda ni lile basi dogo la abiria 14, jeupe, lenye mstari wa miraba ya buluu ubavuni. Mkenya angeliita matatu na Mtanzania daladala. Gari la kukodi peke yako huitwa spesho. Ukiomba taksi ukidhani utaletewa gari dogo, utajikuta umebanwa kiti cha nyuma na watu watatu na begi mapajani.

Kabla hujapanda chombo

Badilisha fedha mapema, na uhakikishe una noti ndogo. Taksi na bodaboda za mwaloni hulipwa taslimu, na kondakta ukimpa noti ya 50,000 asubuhi atakwambia usubiri chenji, nawe utaisubiri hadi unashuka. Weka noti za 1,000, 2,000 na 5,000 mfuko wa mbele, zile kubwa zikae mbali. Pesa za simu, za MTN na Airtel, zinapokelewa sehemu nyingi, lakini mwenye bodaboda huenda asikubali kama hujaongeza ada ya kutolea.

Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, na mgeni hutumia pasipoti. Usinunue laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine kutoka kwa kijana wa mwaloni, hata akikuapia kwamba inafanya kazi. Siku itakapofungwa huna pa kudai. Pakua ramani ya Kampala na Entebbe kwenye simu ungali na mtandao wa kwenu, kwa kuwa utafika gatini huna data.

Wakenya na Wanyarwanda wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na hati hizo. Hata ukisafiri ndani ya Uganda tu, kutoka kisiwani kuja nchi kavu, usiache kitambulisho. Ziwani huenda ukakuta doria za askari wanaolinda uvuvi, nao wanaweza kukuuliza wewe ni nani. Hao na boti zao usiwapige picha.

Anwani unayokwenda usiiandike kwa namba ya nyumba. Mwombe mwenyeji wako akupe jina la steji, kisha alama moja iliyo karibu: kanisa, msikiti, kituo cha mafuta, shule. Kampala inaelekezwa hivyo. Mwenye bodaboda ukimtajia namba ya kiwanja atakubali kukupeleka, kisha mtazunguka. Ukimpa simu akazungumza na mwenyeji wako kwa Kiganda, dakika moja inatosha.

Na mzigo: begi moja unaloweza kulipakata. Taksi haina buti. Begi kubwa huingizwa chini ya kiti cha nyuma au huwekwa juu ya kiti, na likikaa kitini utalilipia nauli ya mtu. Mpatane hilo kabla hujaingia.

Nakiwogo, Entebbe

Wageni wengi hushukia hapa, kwa hiyo nitapaeleza kirefu.

MV Kalangala, meli ya visiwa vya Ssese, huondoka Lutoboka, kisiwa cha Bugala, saa mbili asubuhi, na hufika Nakiwogo baada ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi, yaani karibu saa tano na nusu. Saa nane mchana hugeuza kurudi kisiwani. Kwa mtu anayekwenda Kampala ratiba hii ni nzuri sana, kwani anakuta foleni ya asubuhi imekwisha na ile ya jioni haijaanza. Hiyo nafasi usiipoteze. Nimeona watu wakishuka, wakaketi Nakiwogo kula samaki hadi saa tisa, halafu wakaingia Kampala giza likiwa limetanda. Samaki wa Nakiwogo ni mzuri kweli, lakini Kampala nako samaki wapo.

Mlango wa chombo ukilazwa gatini, kila mtu atainuka kwa pamoja, na magari nayo yatakuwa yanawashwa. Wewe subiri. Dakika tano za kukaa kitini zinakuondolea msukumano, na zinakuondolea pia kundi la kwanza la vijana wa bodaboda, ambao huwavamia wenye mabegi makubwa na haraka kubwa. Toka na kundi la mwisho, ukitembea pamoja na mama yeyote mwenye watoto au mzee mwenye kapu. Hao wanajua nauli.

Kutoka Nakiwogo unakwenda Kitooro, mtaa wa Entebbe wenye taksi za Kampala. Ni kilomita chache tu. Bodaboda hukufikisha mara moja, na taksi za kuchangia nazo zipo hasa chombo kinapofika. Mazungumzo na mwenye bodaboda yawe hivi, na yasiwe marefu kuliko hivi:

"Ssebo, Kitooro mmeka?" (Bwana, Kitooro ni bei gani?)

Atataja bei. Usitabasamu wala usikunje uso. Taja nusu na kidogo ya ile aliyotaja, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupita njia hiyo. Akikataa, sogea hatua tatu kuelekea kwa mwingine. Mara nyingi atakuita. Ukishindwa kabisa kujua bei halali, muulize mama muuza matunda aliye karibu, kwa heshima, ukimwita Nnyabo, yaani mama: "Nnyabo, hadi Kitooro watu wanalipa ngapi?" Wengi wa Nakiwogo wanakisikia Kiswahili, na akina mama wa pale hawapendi kuona mgeni anatozwa mara tatu.

Kitooro taksi hujazwa moja baada ya nyingine. Panda ile iliyo karibu kujaa, hata kama nyingine inapiga honi na injini yake inanguruma. Honi haina maana kwamba inaondoka. Kama taksi ina watu wawili tu na mmoja wao anazungumza na kondakta kama rafiki, huenda huyo si abiria, ameketi hapo ili gari lionekane linajaa. Kaa dirishani upande wa kushoto, karibu na mlango, uweze kuona majina ya steji.

Kutoka Entebbe hadi Kampala ni kama kilomita 40. Utapita Abaita Ababiri, Kitala, Kisubi, Bwebajja, Kajjansi, Seguku, Zana, Najjanankumbi, kisha Kibuye. Hapo Kibuye ndipo wengi wanapokosea kwa kung'ang'ania kwenda hadi katikati ya mji. Ukienda Makindye au Nsambya, shuka Kibuye. Ukielekea Ndeeba, Natete au barabara ya Masaka, shuka Kibuye vilevile, uvuke upande wa pili. Anayekwenda maduka ya Kikuubo, au anayeunganisha taksi nyingine, ndiye abaki hadi Old Taxi Park, stendi kubwa ya taksi katikati ya mji. Kumwambia kondakta akushushe, sema "Maaso awo!" kwa sauti, kabla hujafika. Ukisubiri hadi umeiona steji, utashushwa inayofuata.

Kuhusu njia ya kulipia kati ya Kampala na Entebbe: ilifunguliwa mwaka 2018, na malipo yakaanza Januari 2022 kwa Shilingi 5,000 kwa gari dogo. Taksi nyingi hufuata barabara ya zamani. Ukichukua spesho, dereva atapendekeza njia mpya, na ni pendekezo jema kama unakwenda Munyonyo, Busega au upande wa barabara ya Masaka. Kwa anayekwenda katikati ya mji nafuu yake ni ndogo kuliko inavyosifiwa, kwani ukitokea Busega bado kuna Natete na Ndeeba mbele yako. Mpatane kabla: ada ya njia analipa nani? Jambo hili lisipotajwa mwanzoni huzuka mwishoni.

Anayekwenda uwanja wa ndege wa Entebbe kutoka Nakiwogo achukue spesho moja kwa moja. Ni karibu, lakini langoni kuna ukaguzi wa watu na mizigo, hivyo jipe nafasi.

Kuna njia moja ya Nakiwogo ambayo wageni hawaambiwi. Ng'ambo ya ghuba, mbele ya macho yako, ni Buwaya, na kuna kivuko cha serikali kisichotoza abiria nauli. Ukiwa na safari ya Mpigi au Masaka, vuka Buwaya, uende Kasanje, kisha Mpigi, uikute barabara kuu ya Masaka bila kuikanyaga Kampala. Magari upande ule ni machache na vumbi lipo, kwa hiyo njia hii inamfaa mwenye mzigo mwepesi na asubuhi yote mbele yake. Lakini siku ya foleni kubwa Kampala, itakuokolea nusu ya siku.

Kasenyi

Kasenyi iko kilomita chache kutoka barabara ya Entebbe, unakata kona Abaita Ababiri. Hapa hakuna gati la maana kwa abiria. Boti za mbao zenye injini hutia nanga majini, kisha vijana wenye misuli huwabeba abiria mabegani hadi ufukweni, na wakati wa kwenda hubebwa vilevile kutoka nchi kavu hadi botini. Kwa mgeni ni jambo la ajabu, kwa Kasenyi ni kazi ya kila siku.

Patana bei kabla hujapanda bega la mtu. Ukiwa juu tayari, maji yakiwa chini yako, mapatano yamekwisha. Toa simu mfuko wa suruali uiweke kifuani au ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na viatu ushike mkononi. Wako wanaosema heri kuvua viatu na kutembea majini wenyewe, wasilipe. Siwashauri. Maji ya ufukweni, yenye majani na konokono, ndipo kichocho kinapopatikana. Ikiwa umekanyaga maji hayo, nenda kituo cha afya wiki kadhaa baadaye upimwe. Dawa yake, praziquantel, inajulikana na inapatikana. Dalili zake huchelewa, na mtu huweza kusahau kabisa kwamba aliwahi kukanyaga maji.

Jaketi la kuokolea livae, ulifunge vifungo vyote, na usilikalie. Agosti 2023 boti iliyotoka visiwa vya Kalangala (ndivyo hivyo vya Ssese) kuja Kasenyi ilizama alfajiri, watu 20 wakafa. Polisi walitaja mzigo kupita kiasi na hali mbaya ya hewa. Boti hizi hubeba makaa, ndizi, dagaa na watu kwa pamoja. Ukiona maji yako karibu sana na ukingo wa boti, shuka. Nauli uliyolipa iache. Ningependa kila msomaji wangu akose nauli hiyo kuliko kumnyamazia nahodha. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo huwa mkali zaidi, na ziwa hili hupenda dhoruba za usiku na alfajiri, kwa hiyo chombo cha mchana kweupe ndicho bora.

Kutoka Kasenyi kuna taksi zinazokwenda moja kwa moja Kampala, Old Taxi Park. Ukikosa, bodaboda hadi Abaita Ababiri, kisha simamisha taksi yoyote inayotoka Entebbe. Upande mmoja wa barabara ni Kampala, upande mwingine ni Entebbe. Muulize mtu kabla hujavuka.

Ukinunua samaki mwaloni, angalia ukubwa. Sheria inakataza sangara wa chini ya sentimita 50, na sato wadogo nao hawaruhusiwi. Samaki mchanga kwa bei rahisi atakuletea matatizo kwenye kizuizi, na hasara ni yako wewe uliyemshika.

Port Bell, Luzira

Port Bell ndiyo bandari ya kihistoria ya Kampala, yenye jina la Hesketh Bell aliyekuwa mtawala wa Kiingereza hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi yake kubwa ni mizigo: meli za mabehewa kutoka Mwanza na Kisumu. Wanaoshuka hapa wengi ni mabaharia, wasindikizaji wa mizigo na wafanyabiashara. Hili ni eneo la bandari na forodha, kwa hiyo hati mkononi, kamera mfukoni, na usiondoke kabla pasipoti yako haijagongwa muhuri wa kuingia. Mtu akikushawishi mpite pembeni ili "mkamilishe mjini", mkatalie kwa adabu. Bila muhuri utakuwa mgonjwa wa nafsi kila ukimwona polisi, na siku ya kutoka nchini utalipa.

Kutoka langoni hadi steji ya taksi za Luzira ni mwendo mfupi. Taksi hupita Kitintale na Bugolobi hadi mjini, kama kilomita 10. Reli unayoiona pale isikutie tamaa, mpango wako uwe wa barabara. Luzira ina bodaboda wengi wa programu za simu, kama SafeBoda, Uber na Bolt, na kwa mgeni hapa ndipo zinapofaa hasa: bei inaonekana kabla ya safari, na mwendeshaji wa SafeBoda huja na kofia ya abiria. Ivae.

Anayekwenda Namugongo kutoka Port Bell haina haja aingie katikati ya mji. Bodaboda kutoka Kitintale hadi Nakawa, kisha taksi za barabara ya Jinja hadi Kireka, na kutoka Kireka zipo za Namugongo. Lakini siku ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi, na siku mbili tatu kabla yake, hesabu hizi zote zinavunjika. Barabara hufungwa, watu hutembea kwa miguu toka mbali, na taksi hushusha kabla ya kufika. Hujaji mwenye mzee au mgonjwa afike mapema, alale karibu, aache mpango wa kuingia na kutoka siku hiyohiyo.

Ggaba

Ggaba ni mwalo na soko, na ndio ulio rahisi kuliko yote kwa anayekwenda Kampala kusini. Taksi zinasimama karibu na soko lenyewe, zinapita Bunga, Kansanga, Kabalagala na Nsambya hadi Old Taxi Park. Kansanga ina chuo kikuu kilichosomesha Wakenya na Watanzania wengi, kwa hiyo Kiswahili mtaani si kigeni. Ukipotea barabara hii utapata mtu wa kukuelekeza. Boti za hapa ni za mbao kama za Kasenyi, na maneno yale kuhusu jaketi ni yaleyale. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, ng'ambo tu ya maji haya, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha wakiwa si mbali na ufuko.

Bukakata, kwa njia ya Masaka

Kama unatoka Kalangala na saa mbili asubuhi imekupita, au una gari, njia yako ni Luku, kisiwani Bugala, hadi Bukakata, nchi kavu. Kivuko hiki hakitozi nauli, wala ya gari. Kinavuka kwa dakika 50 hivi, na kina safari kadhaa kwa siku, mchana tu. Siku ya kazi hutapata shida kubwa. Siku ya Jumapili jioni na baada ya sikukuu foleni ya magari huwa ndefu, lakini abiria wa miguu hupita kando na kupanda. Kwa hiyo hata kama ulikuja na lifti ya rafiki mwenye gari, na gari limekwama foleni, unaweza kumuaga, ukavuka kwa miguu na kupanda taksi ng'ambo.

Kutoka Bukakata hadi Masaka ni kama kilomita 40 za lami. Usiende hadi katikati ya Masaka kama safari yako ni Kampala. Shuka Nyendo, kitongoji kilicho kwenye barabara ya Kampala, uunganishe hapo. Kutoka Nyendo ni kama kilomita 130, utapita Lukaya, mstari wa ikweta pale Kayabwe, kisha Mpigi. Lukaya gari likisimama, wauzaji watakuja dirishani na nyama ya kuku na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Shika chakula kwanza ndipo utoe pesa, na uwe na noti kamili, kwani dereva hangoji chenji yako. Mlango wa Kampala upande huu ni Busega na Natete, na jioni hapo ndipo foleni hukaa. Ukitoka Nyendo baada ya saa nane mchana, jihesabie kuingia usiku.

Kiyindi na Jinja

Wanaotoka visiwa vya Buvuma huvuka bure kwa kivuko cha Kiyindi, kisha hupanda taksi hadi barabara kuu ya Jinja. Jinja yenyewe ni mji mdogo uliopangika, bodaboda hukutoa ufukweni hadi stendi kwa muda mfupi, na Kampala iko kama kilomita 80 kupitia Lugazi na Mukono. Ugumu wa njia hii ni malori mazito na kipande cha Mukono hadi Kireka jioni, basi.

Saa za kuingia na saa za kukaa

Ukiweza kuchagua, ingia Kampala kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu na kitu, barabara zote zinazoelekea mjini huwa zimejaa. Kuanzia saa kumi jioni ni zamu ya barabara zinazotoka. Mvua ikinyesha, ongeza saa nzima. Jua huzama karibu saa moja usiku mwaka mzima, na giza huja upesi.

Ukikamatwa na foleni ukiwa ndani ya taksi, kuna uamuzi unaopaswa kuufanya mapema: kubaki au kushuka. Kanuni yangu ni hii. Kama mzigo wako ni wa kupakata na bado ni mchana, shuka kwenye steji kubwa, kama Zana, Natete au Bugolobi, uchukue bodaboda. Kama ni usiku, au una begi kubwa, baki ulipo hata ikikuchukua saa moja. Kuzunguka gizani na begi, ukiuliza njia karibu na Old Taxi Park, ndiko kunakowaponza wageni. Simu usiitoe dirishani kwenye foleni. Huporwa na mtu anayepita kwa miguu, na taksi haiwezi kumfuata.

Ukifika Old Taxi Park usisimame katikati ukatazama juu kama anayetafuta. Ingia duka lolote, nunua maji, na umuulize muuzaji taksi za unakokwenda zinakaa upande gani. Kila upande una njia zake, na waitaji wa abiria watakupeleka kwenye gari lao hata kama haliendi kwako.

Kurudi chomboni

Mji hukusubiri, chombo hakikusubiri. Kwa MV Kalangala ya saa nane mchana, uwe Nakiwogo kabla ya saa sita, kwa sababu nafasi ni za abiria mia na kitu, na Ijumaa au mkesha wa sikukuu tiketi huisha mapema. Nauli kwa miaka mingi imekuwa kati ya Shilingi 10,000 na 14,000 kulingana na daraja, lakini uliza kabla ya safari. Ina maana uondoke Kampala saa tatu na nusu, au saa mbili na nusu mvua ikinyesha, na upande taksi inayosema Entebbe Kitooro. Zipo zinazoishia Kajjansi au Abaita Ababiri, na kondakta wake atakuitikia "ndiyo, ndiyo" ukimuuliza juujuu. Muulize hivi: "Unafika Kitooro?" Kisha muulize abiria aliyekwisha kukaa.

Ukikikosa chombo, usikimbilie Kasenyi kutafuta boti ya jioni kwa hasira ya kuchelewa. Wala usijaribu kuzunguka kwa Masaka siku hiyohiyo. Kufika Bukakata kutoka Entebbe baada ya saa nane mchana ni kukuta kivuko kimefunga. Tafuta chumba Kitooro, ambako nyumba za wageni za bei ya kawaida ziko nyingi na ziko karibu na chakula. Asubuhi nenda Nakiwogo mwenyewe ukaulizie dirisha la tiketi litafunguliwa saa ngapi, kisha urudi Kitooro unywe chai. Mwenyeji wako wa Kalangala mpigie mapema, asikungojee Lutoboka hadi usiku.